Chronicling America: Kuufuata Msimu wa Sewanee wa Mwaka 1899 Gazeti kwa Gazeti

Chronicling America ni hazina ya magazeti ya zamani ya Marekani iliyowekwa mtandaoni na Maktaba ya Bunge la nchi hiyo, na kila mwenye simu au kompyuta yenye intaneti anaweza kuisoma bila kulipa na bila kujiandikisha. Sikusudii kuipima hazina nzima, kwa sababu kurasa zaidi ya milioni 20 hazipimiki na mtu mmoja. Nimeipima kwa jambo moja ninalolipenda na kulifuatilia kwa makini: msimu wa futiboli ya Kimarekani wa mwaka 1899, ambapo timu ya chuo kidogo cha Sewanee, kilichoko juu ya uwanda wa milima katika jimbo la Tennessee, ilicheza michezo 12 na kushinda yote. Nilitaka kujua kama huduma hii inaweza kumfikisha msomaji kwenye msimu wenyewe, jinsi ulivyosomwa na watu waliokuwa wakilingoja gazeti la asubuhi, au kama itamwacha palepale alipoachwa na majedwali ya matokeo na masimulizi ya baadaye. Inamfikisha, tena vizuri kuliko chombo kingine chochote nilichokitumia, ilimradi ayajue mambo kadhaa kabla ya kuanza.

Kwanza msimu wenyewe. Chuo Kikuu cha Kusini, ambacho watu hukiita Sewanee kwa jina la mji wake, ni chuo cha Kanisa la Episkopali, yaani Waanglikana wa Marekani, na mwaka 1899 kilikuwa na wanafunzi wa mia chache tu. Nahodha wa timu alikuwa Henry Seibels, kocha alikuwa Billy Suter aliyetokea chuo cha Princeton, na mambo ya fedha na safari yalikuwa mikononi mwa kijana wa miaka 20, Luke Lea, meneja ambaye alikuwa bado mwanafunzi. Wapinzani wake, ambao hapa nawataja kwa majina ya vyuo vyao, hawakuweza kuizuia. Timu iliishinda Georgia 12-0 mjini Atlanta tarehe 21 Oktoba, na siku mbili baadaye, katika mji uleule, ikaishinda Georgia Tech 32-0. Ikarudi nyumbani ikaifunga Tennessee 46-0, kisha Southwestern Presbyterian 54-0. Ndipo ilipopanda treni kuelekea Texas, na umaarufu wake ukazaliwa katika safari hiyo: Alhamisi tarehe 9 Novemba iliishinda Texas 12-0 mjini Austin, Ijumaa ikaishinda Texas A&M 10-0 mjini Houston, Jumamosi ikaishinda Tulane 23-0 mjini New Orleans, Jumapili ikapumzika, Jumatatu ikaishinda LSU, yaani Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, 34-0 mjini Baton Rouge, na Jumanne tarehe 14 ikaishinda Ole Miss, yaani Chuo Kikuu cha Mississippi, 12-0 mjini Memphis. Hiyo ni michezo mitano ndani ya siku sita, pointi 91 kwa sifuri, katika safari ya reli ya takriban kilomita 4,000. Baada ya hapo Cumberland ilifungwa 71-0 huko Sewanee, Auburn ikafungwa 11-10 mjini Montgomery tarehe 30 Novemba, na North Carolina ikafungwa 5-0 mjini Atlanta tarehe 2 Desemba. Jumla ya msimu ni pointi 322 kwa 10, na zile 10 zilifungwa zote na timu moja katika mchezo mmoja.

Safari ile ya Novemba husimuliwa kana kwamba ilibuniwa ili kuonyesha ushujaa, kumbe chanzo chake kilikuwa fedha. Sewanee na chuo cha Vanderbilt, cha jimbo hilohilo la Tennessee, walikuwa wamekosana kuhusu mgawanyo wa mapato ya mlangoni, mchezo wao ukafutwa, na kwa kuwa mchezo huo ndio uliokuwa ukiingiza fedha nyingi, Lea alilazimika kutafuta mapato mahali pengine. Alipanga michezo mfululizo katika miji iliyounganishwa na reli, kila mmoja ukiwa na kiingilio chake. Msomaji akilifahamu hilo mapema, ataziangalia taarifa za magazeti kwa jicho jingine, kwa maana atatambua kwamba idadi ya watazamaji na hali ya hewa yalikuwa mambo yenye uzito kwa meneja sawa na matokeo yenyewe. Masimulizi mengine ambayo yamenenepa kadiri miaka ilivyopita, kama yale ya mapipa mawili ya maji ya chemchemi ya Tremlett yaliyosafirishwa pamoja na timu ili wachezaji wasinywe maji ya ugenini, au yale ya viatu vya kuchezea vilivyosahauliwa na kutumwa baadaye kwa treni nyingine, ni matamu, lakini mtu hapaswi kuanza kusoma kwa kuyatafuta hayo. Atauona msimu kupitia tundu dogo mno.

Ni muhimu pia kuzijua kanuni za wakati ule, la sivyo taarifa hazitaeleweka hata kwa mtu anayeifuatilia futiboli ya Kimarekani ya leo. Mwaka 1899 kuurusha mpira mbele kwa mkono kulikuwa marufuku, na ruhusa ilitolewa mwaka 1906 tu. Timu ilikuwa na majaribio matatu ya kusonga yadi 5, tofauti na majaribio manne ya yadi 10 yanayotumika sasa. Tachidauni, yaani kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa mwisho wa wapinzani, ilikuwa na thamani ya pointi 5, mkwaju wa ziada baada yake pointi 1, na goli la kupigwa kwa mguu kutoka uwanjani pointi 5. Wachezaji 11 walewale walishambulia na kulinda, na aliyetoka uwanjani hakuruhusiwa kurudi. Kwa kanuni hizo mchezo ulikuwa wa kusukumana na kukanyagana katikati ya uwanja, na mguu wa mpigaji, uliotumika kuupeleka mpira mbali na lango la nyumbani, ulikuwa silaha kubwa. Kwa hiyo ushindi wa 12-0 haukuwa mwembamba kama unavyoonekana kwetu. Na kikosi cha watu wapatao 20 kucheza hivyo siku tatu mfululizo, kulala ndani ya treni, kisha kucheza tena siku mbili, ni jambo ambalo mimi bado linanishangaza kila ninapolifikiria, kwa sababu Seibels alipasuka kichwa katika mchezo wa Austin, ule wa kwanza kabisa wa safari, na akaendelea kucheza.

Sasa huduma. Chronicling America ilifunguliwa kwa umma mwaka 2007 kwa ushirikiano wa Maktaba ya Bunge na Mfuko wa Taifa wa Marekani wa Taaluma za Utu. Mwanzoni ilikuwa na magazeti ya kati ya mwaka 1900 na 1910 peke yake, kwa hiyo msimu huu uliachwa nje ya mlango kwa tofauti ya miezi michache tu, na aliyeutafuta wakati huo alirudi mikono mitupu. Baadaye mipaka ilisogezwa nyuma na mbele, na sasa hazina inaanzia karne ya 18 na kuingia karne ya 20. Utaratibu wake ni kwamba taasisi moja katika kila jimbo hupewa ruzuku, nayo huchagua magazeti ya jimbo hilo, huyapiga picha kutoka katika mikrofilamu, yaani filamu zenye picha ndogo za kurasa, kisha huipelekea Maktaba picha hizo pamoja na maandishi yaliyosomwa na kompyuta. Nautaja utaratibu huo kwa sababu ndio unaoeleza uzuri na upungufu karibu wote ambao mtumiaji atakutana nao: kilichomo ni kile ambacho jimbo lilichagua, kwa kiasi ambacho ruzuku ilitosha, kutoka katika mikrofilamu zilizokuwapo.

Kutafuta ni rahisi, lakini kutafuta vizuri kunahitaji busara. Unachagua jimbo, unaweka tarehe ya kuanzia na ya kuishia, unaandika neno, na huduma inakuletea kurasa ambazo neno hilo limo, likiwa limepakwa rangi ndani ya picha ya ukurasa. Kwa msimu huu nashauri kipindi cha kuanzia mapema Oktoba hadi katikati ya Desemba 1899, na neno moja tu, "Sewanee". Ukiandika jina rasmi la chuo utapata machache. Ukitafuta jina la mchezo, andika "foot ball" kwa maneno mawili pia, kwa maana wahariri wengi wa wakati ule waliliandika hivyo. Texas A&M itafute kwa kutumia "A. and M.", na ukitaka kupata taarifa ambazo kompyuta imelisoma vibaya jina la Sewanee, tafuta majina ya wachezaji: Seibels, Simkins, Kilpatrick, Poole. Ormond Simkins ndiye aliyekuwa na mguu mzito wa kupiga mpira. Usichague majimbo yote kwa pamoja siku ya kwanza. Anza na Tennessee na Georgia kwa Oktoba, ingia Texas kwa tarehe 9 na 10 Novemba na siku moja baada ya kila mojawapo, nenda Louisiana, rudi Tennessee, umalizie Alabama na Georgia. Yaani msomaji aifuate treni.

Njia hiyo ya kuifuata treni ndiyo sababu kubwa ya mimi kuipenda huduma hii. Jedwali la matokeo hukuonyesha msimu ukiwa umekwisha: sufuri zimejipanga kwenye safu moja, na kila ushindi unaonekana kana kwamba ulijulikana tangu asubuhi. Gazeti la tarehe 10 Novemba halijui lolote kuhusu tarehe 11. Mhariri wa Houston hakujua kwamba timu iliyoshuka mjini mwake ingekuja kukumbukwa zaidi ya karne moja baadaye. Kwake hiyo ilikuwa timu ya ugenini iliyocheza jana Austin na itakayoondoka usiku. Houston Daily Post limo katika hazina, na kwa kuwa lilichapishwa katika mji ule ule ambao mchezo wa pili wa safari ulichezewa, ningemshauri kila anayeanza aanzie hapo kabla ya kwenda kokote. Soma kwanza gazeti la siku ya mchezo, kisha la siku inayofuata, na usiruke kurasa. Mambo ya michezo hayakuwa na ukurasa wake maalumu katika magazeti mengi ya aina hiyo, kwa hiyo taarifa unayoitafuta inaweza kukaa katikati ya bei za pamba na ratiba za treni, na katika kuitafuta huko utajifunza mengi kuhusu mji ambao mchezo ulichezwa.

Hapa ndipo huduma hii inapozidi vyombo vinavyomkatia msomaji kipande cha taarifa na kumkabidhi peke yake. Chronicling America inatoa ukurasa mzima, safu zote, matangazo yote. Katika wiki zilezile ambazo Sewanee ilikuwa njiani, magazeti ya Marekani yalijaa habari za vita vya Waingereza na Makaburu, vilivyoanza tarehe 11 Oktoba, na mji wa Ladysmith ulikuwa umezingirwa tangu mwanzoni mwa Novemba. Jeshi la Marekani lenyewe lilikuwa likipigana Ufilipino. Tarehe 21 Novemba, siku moja baada ya Cumberland kufungwa 71-0, Makamu wa Rais Garret Hobart alifariki. Msomaji anayeupitia msimu kwa utaratibu hawezi kuyakwepa mambo hayo, wala hapaswi kuyakwepa, kwa maana ndiyo yanayoonyesha kipimo halisi cha mchezo wa vijana wa chuo katika dunia ya wakati ule.

Kuna jambo zito zaidi ambalo ukurasa mzima hulileta mbele ya macho. Vyuo vyote vilivyocheza na Sewanee mwaka ule vilikuwa vya Wazungu watupu. Mtu mweusi aliyeambatana na timu hiyo alikuwa Cal Burrows, mhudumu aliyewakanda wachezaji na kuwatunza baada ya kila mchezo, na bila mikono yake sioni jinsi ambavyo miili ile ingeweza kusimama uwanjani siku ya tano. Magazeti makubwa ya Kusini ya mwaka 1899 yaliwaandika watu weusi kwa lugha ya dharau, na yalitangaza mauaji ya watu weusi yaliyofanywa na makundi ya raia, kama yale ya Sam Hose yaliyofanyika Newnan, Georgia, mwezi Aprili mwaka huohuo, kwa namna inayoumiza kuisoma. Mwalimu anayetaka kuwapa wanafunzi wake kazi ya kutafuta humo na awaandae mapema. Jambo jema ni kwamba hazina hiyohiyo ina magazeti yaliyomilikiwa na watu weusi wenyewe, yakiwamo Richmond Planet la Virginia na The Colored American la Washington, na mtu anaweza kuyafungua ya wiki ileile na kuyasoma kwa kulinganisha. Ningefurahi kama huduma ingeyaweka mbele zaidi. Kwa sasa inabidi mtu ayajue kwa majina. Vyuo vya watu weusi navyo vilikuwa vimekwisha kuanza futiboli yao, kwani Biddle na Livingstone walicheza mchezo wao wa kwanza tarehe 27 Desemba 1892, na anayetaka historia kamili ya mchezo huu katika Kusini asiridhike na Sewanee peke yake.

Kwa upande wa Mashariki, hazina ina The Sun, New-York Tribune na The Evening World, yote ya New York, na ina ukarimu mkubwa wa kurasa kutoka huko. Lakini mtu asiyafungue akitarajia kuiona Sewanee ikisifiwa. Kwa wahariri wa New York, futiboli ilikuwa Harvard, Yale, Princeton na Pennsylvania. Harvard haikufungwa mwaka huo, ingawa ilitoka sare na Yale 0-0, na Princeton iliifunga Yale 11-10. Ukizifungua kurasa hizo baada ya kutoka Houston, utaelewa kwa nini msimu wa Sewanee ulichukua muda mrefu kupata heshima yake, na kwa nini Seibels aliingizwa katika Jumba la Wachezaji Mashuhuri wa Futiboli ya Vyuo mwaka 1973 tu.

Mahali ambapo huduma hii ilinipa faida kubwa kuliko popote ni mchezo wa Auburn. Kila mtu huishangaa wiki ya michezo mitano, na ni haki yake, lakini kwa maoni yangu mtihani halisi wa msimu ulikuwa mjini Montgomery tarehe 30 Novemba, Siku ya Kutoa Shukrani, mbele ya timu iliyofundishwa na John Heisman, yule ambaye jina lake leo liko kwenye tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Auburn walicheza kwa kasi ambayo Kusini haikuizoea, wakijipanga upya na kuanza kabla wapinzani hawajakaa sawa, na wao peke yao ndio waliofunga pointi dhidi ya Sewanee msimu mzima. Tofauti ilikuwa pointi moja. Anayeusimulia msimu kutoka upande wa washindi kwa kawaida hupita hapo haraka, na wahenga walishasema kwamba msema pweke hakosi. Heisman hakunyamaza. Alipeleka malalamiko yake kuhusu uamuzi wa mchezo kwa Age-Herald la Birmingham, mwamuzi aliyelaumiwa akamjibu katika gazeti hilohilo, na gazeti hilo limo katika hazina. Kuwaona watu hao wawili wakibishana hadharani, kila mmoja akiwa na kumbukumbu mbichi ya kilichotokea na kila mmoja akiwa na sababu ya kuilinda, kunamrudishia msomaji jambo ambalo jedwali limemnyima: kwamba msimu huu usio na doa ungeweza kabisa kuwa na doa, na kwamba watu waliokuwapo hawakukubaliana kuhusu jinsi ulivyoponea. Mimi baada ya hapo niliuheshimu ushindi wa Sewanee zaidi, si kidogo.

Upungufu upo, na mkubwa unatokana na usomaji wa herufi unaofanywa na kompyuta. Maktaba yenyewe inaeleza kwamba maandishi hayo yana makosa. Gazeti la mwaka 1899 lilipigwa chapa kwa herufi ndogo, wino ukasambaa, karatasi ikachakaa, kisha likapigwa picha ya mikrofilamu miongo mingi baadaye, na kompyuta ikasoma picha ya picha. Herufi moja ikikosewa katika jina, ukurasa hautatokea katika utafutaji hata kama taarifa imo. Kwa hiyo kukosa matokeo si ushahidi kwamba gazeti halikuandika. Tiba yake ni ya kizamani: fungua toleo la siku hiyo na lipitie ukurasa kwa ukurasa. Kwa mtu mwenye hamu hiyo si adhabu, ila kwa mwanafunzi mwenye kazi ya kuwasilisha kesho inaweza kumchosha.

Upungufu wa pili ni ule wa uchaguzi wa majimbo. Magazeti kadhaa makubwa ya miji hayamo kwa sababu yanashikiliwa na huduma za kulipia, na katika mji fulani unaweza kukuta gazeti dogo la wiki limo huku la kila siku halimo. Gazeti la wiki haliwezi kukupa mfuatano wa siku sita za Novemba. Litakupa matokeo yote kwa mkupuo, wakati mwingine kwa aya moja. Kwa hiyo huduma hii peke yake haimtoshi mtu anayeandika historia kamili ya msimu, na atalazimika kwenda pia kwenye hazina za majimbo na kwenye kumbukumbu za chuo chenyewe. Kwa msomaji anayetaka kuuishi msimu, kilichomo kinatosha na kubaki.

Kuhusu matumizi kutoka kwetu, mtandao ndio wa kuangalia. Picha ya ukurasa mmoja ni nzito, kwa sababu inapaswa kukuzwa hadi herufi zisomeke, na safu saba au nane za gazeti la zamani hazikai vizuri kwenye kioo cha simu. Mwenye kifurushi kidogo na afanye hivi: afungue kwanza maandishi yaliyosomwa na kompyuta, ambayo ni mepesi, ayatumie kutambua kwamba taarifa ipo kwenye ukurasa, kisha apakue ukurasa huo mmoja kwa PDF na kuusoma nje ya mtandao. Kwenye kompyuta kazi ni nyepesi zaidi, na anwani ya kila ukurasa inaweza kuhifadhiwa ili kurudiwa baadaye. Huduma sasa inapatikana ndani ya tovuti kuu ya Maktaba, loc.gov, ambako makusanyo mengine ya picha na ramani yapo jirani. Maelezo yote ni kwa Kiingereza, na Kiingereza cha taarifa za michezo za mwaka 1899 kina maneno ya uwanjani ambayo hata wenyewe wameyaacha, hivyo kanuni nilizozitaja hapo juu zitamsaidia msomaji kuliko kamusi.

Ningeipa alama nne kati ya tano, nikiizuia ya tano kwa sababu ya usomaji wa herufi na mapengo ya magazeti ya kila siku. Ambaye futiboli ya Kimarekani haimvutii anaweza kuijaribu huduma hiyohiyo kwa kuandika neno "Zanzibar" na kuchagua mwisho wa Agosti 1896, aone jinsi habari za kupigwa mabomu kwa jumba la sultani zilivyofika katika miji ya Marekani kwa telegrafu. Anayevutiwa na mchezo huu na aanze na Houston Daily Post la Ijumaa, tarehe 10 Novemba 1899.